Siku Nilipomtetea Maman Neema kwa Skrini Mbili

Sijifichi: mpaka leo nikipita stendi ya Kamembe, huku Rwanda karibu na mpaka wa Kongo, kuna madereva wa pikipiki wanaonyoosha mkono wenye simu mbali na uso, wanakunja macho, wanarudi nyuma hatua mbili tatu, halafu wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao, maana nikikasirika wataendelea mpaka nizeeke. Nimeaibika mara nyingine maishani (niliwahi kuteleza na gunia la mchele Bugarama nikaingia mferejini mbele ya wasichana wa kwaya), lakini aibu ile ilikuwa yangu peke yangu. Hii nilimpaka mtu mwingine, tena mtu ninayemheshimu kama mama, tena nikiamini kwa moyo wote kwamba namsaidia.

Shule niliiacha mapema, kwetu Gashonga, na tangu hapo sijakaa na kazi moja muda mrefu. Nimebeba mchele, nimeosha pikipiki, nimevusha mizigo ya watu mpaka Bukavu na kurudi. Shule niliiacha lakini maswali hayakuniacha, na nikiona kitu kinawaka nataka kujua kinawakaje, na nikishajua nusu yake siwezi kunyamaza. Ndiyo maana wananiita Profesa. Si sifa.

Siku hizo nilipenda kushinda kwenye sekretariati ya Papa Deo, yaani lile duka la kuchapisha na kutoa nakala, kwa sababu kulikuwa na umeme wa kuchaji simu na kivuli cha bure, na mimi nililipa kwa kubeba karatasi na kufagia. Aliyekuwa akiandika ni Maman Neema, mjane kutoka Bukavu, ambaye alikuwa amekikalia kiti kile miaka mingi kiasi kwamba watu hawakusema wanakwenda kwa Papa Deo, walisema wanakwenda kwa Maman Neema. Mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, ratiba za misa ya mazishi, vyote vilipita kwenye vidole vyake.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Kufika mchana yalikuwa mekundu na yanatoa machozi, kichwa kinamgonga, anayakanda kwa kitambaa chenye maji. Na makosa yakaanza kutoka. Mwaliko mmoja wa harusi ulichapwa na namba ya simu isiyo ya wenye harusi, wageni wote wakawa wanampigia mkulima mmoja wa Gikundamvura kumuuliza njia, yule bwana akawaelekeza wiki nzima kwa kubahatisha, na siku yenyewe ilipofika akavaa koti akaenda kula (alisema baada ya kazi yote ile amestahili). Tulicheka. Papa Deo hakucheka.

“Maman,” alisema mbele yangu, “mwezi ukiisha namuleta mutoto ya dada yangu kwenye hiyo kiti. Batu banaanza kwenda kwa duka ya ngʼambo.”

Maman Neema alifuta macho akaendelea kuandika. Kiti kile ndicho kilichokuwa kikisomesha watoto wake watatu, na sisi sote tuliokuwa pale tulijua.

Basi nikaingia kazini. Nilisoma kwenye simu, nikatazama video za watu wanaopima skrini, nikajifunza kwamba skrini si zote sawa: nyingine zina uso unaongʼaa kama kioo cha kunyolea, zinakurudishia mwanga wote wa mlangoni, na nyingine uso wake ni mkavu, haurudishi kitu. Tena kuna zinazowaka na kuzima upesi sana bila mtu kutambua, na ukizielekezea kamera ya simu unaweza kuona mistari myeusi ikitembea. Nikaielekezea ya Papa Deo. Mistari hiyo hapo, inapanda kama siafu!

“Maman, tazama! Inapepesa!”

“Miye sioni kintu.”

“Huoni wewe, lakini jicho lako linaona,” nikamwambia, na sentensi hiyo niliipenda mno, nikairudia stendi nzima siku ile.

Fundi mmoja wa Bukavu ninayefahamiana naye alikuwa na skrini iliyotumika, ya uso mkavu, isiyo na mistari kwenye kamera. Nilimbebea mizigo yake mpaka akanipa. Nikapita nayo mpakani nimeikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, kila askari ananiuliza ni nini na kila askari namweleza habari za macho mpaka ananiambia pita, pita. Nikaifunga mezani kwa Maman Neema, ile ya zamani nikaiweka nyuma ya mlango.

Baada ya siku chache nikamuuliza, “Sasa?”

“Afadhali,” akasema. “Kichwa imetulia kidogo. Aksanti, Profesa.”

Mnajua mtu kama mimi akisikia “afadhali” anasikia nini. Anasikia ushindi. Macho kweli hayakuwa mekundu tena kama zamani. Makosa yalikuwa bado yanatoka, lakini hilo sikulitazama, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu langu na jibu tamu halipendi kuulizwa tena.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo mtaa mzima unatoka na majembe. Tulizibua mtaro chini ya soko, halafu kama kawaida tukakaa kwenye majani kufanya mkutano, na eneo lenyewe lilikuwa ngʼambo tu ya barabara kutoka sekretariati. Mkuu wa mtaa alisema habari za usafi, akasema habari za bima ya afya, halafu akauliza kama kuna mwenye neno. Papa Deo alikuwa amekaa mbele kabisa. Mwezi ulikuwa unaisha. Nikasimama. (Ningekaa tu. Matope yalikuwa mpaka magotini, hata mwili ulikuwa unaniambia kaa.)

Nikasema kuna mama hapa anakaribia kunyangʼanywa kiti chake kwa kosa la mashine. Nikasema tatizo halikuwa mtu, lilikuwa aina ya skrini, na nimeibadilisha, na mama amepona. Watu wakageuka kumtafuta Maman Neema, ambaye alikuwa kati ya wanawake, na nilimwona anatikisa kichwa kuniambia hapana, nikadhani ni unyenyekevu.

“Weye ulisomea macho wapi?” akauliza Kazungu, dereva wa pikipiki, mdomo wake hauna breki. “Si uliacha shule ju ya hesabu?”

“Nitakuonyesha,” nikasema. Hapo ndipo ningeweza bado kuokoka.

Nilivuka barabara mbio, nikatoa meza, nikavuta waya wa umeme, nikazipanga skrini mbili uwanjani mbele ya duka kama mchuuzi wa nyanya. Jua lilikuwa kali. Nikaziwasha, watu wakasogea, na hakuna aliyeona herufi hata moja. Kwa jua lile zote mbili zilikuwa nyeusi tii.

“Profesa, miye naona ndevu zangu tu,” Kazungu akasema, ameinamia ile inayongʼaa. “Lakini vraiment, nimependeza.”

Mkutano ulikuwa umeshavunjika kwa kicheko, mkuu wa mtaa mwenyewe anapangusa machozi, na mtu mwenye akili angekusanya vitu vyake. Mimi nikahamishia meza barazani kwenye kivuli, umati ukanifuata. Nikafungua maandishi yaleyale kwenye skrini zote mbili, na ili jaribio liwe la haki nikaweka herufi za ukubwa wa kawaida, sawasawa kulia na kushoto. Nilikuwa nimeona Maman Neema anaandika kwa herufi kubwa kama vibao vya barabarani, lakini nilidhani ndivyo anavyopenda.

“Maman, njoo usome.”

“Bahati, tuache,” alisema kwa sauti ndogo. Hakuniita Profesa, aliniita jina langu, na hata hapo sikusikia.

“Njoo tu, Maman. Waone.”

Akaja, kwa sababu watu walikuwa wamemsukuma mbele. Akakaa mbele ya skrini ya zamani, akashindwa. “Mnaona!” nikapiga kelele. Akageukia ile mpya, mpenzi wangu, ile niliyoivusha kifuani. Akakunja macho. Akavuta kichwa nyuma. Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, watu wakampisha, akaendelea kurudi mpaka mguu wake ukaingia kwenye beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, la mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda sokoni, na pale, amesimama ndani ya samaki, akasoma kila neno, vizuri kabisa, sauti safi kama anasoma somo kanisani.

“Na ile ya zamani?” Kazungu akauliza.

Akaisoma nayo. Kila neno.

Palikuwa na bibi mmoja mwenye jembe begani, akasema kwa upole tu, wala si kwa dhihaka, “Kumbe ni macho ya umri. Miye nilishindwaka kuingiza uzi kwenye sindano. Kioo haina kosa.” Na watu wakacheka kicheko kile ambacho madereva wanakiendeleza mpaka leo. Mwenye sambaza alikuwa anadai samaki wake hawafai tena, na mimi nimeshika waya mkononi sijui niuweke wapi.

Papa Deo alingoja kelele zipungue. “Donc tangu lini hauoni, Maman?”

“Naonaka, Papa,” alisema. “Naonaka mbali.”

Akajitoa kwenye beseni, akafunga kitenge chake, akaenda nyumbani.

Nilimfuata jioni. Nilimkuta anachagua maharage, ameyashikilia mbali na uso, nikaanza kueleza tena habari za mwanga na mistari, akaninyamazisha kwa mkono.

“Nilijua,” alisema. “Nilijua mbele ya weye. Mwandishi akivaa miwani hapa, batu banasema amekwisha, banaenda kwa mwingine. Nilitaka kumaliza mwaka wa batoto, halafu nione. Weye uliuliza simu, uliuliza fundi ya Bukavu, uliuliza hata maaskari ya mpakani. Miye uliniuliza lini?”

Nilikaa pale na maharage yake, na nilitafuta siku niliyomuuliza, na siku hiyo haikuwepo. Nilikuwa nimemuuliza “sasa?”, lakini hilo lilikuwa swali kuhusu skrini yangu. Muda wote ule sikumuuliza kamwe anaona nini. Mtu akiweza kusoma sana juu ya jicho na asimtazame mwenye jicho, sijui hiyo tuite elimu gani.

Wiki iliyofuata alikwenda kituo cha afya, muuguzi akampima, akarudi na miwani midogo ya kusomea. Lakini mtoto wa dada yake Papa Deo alikuwa ameshafika. Papa Deo akawagawia kiti: asubuhi, wakati wateja ni wengi, msichana; mchana, Maman Neema. Nusu ya kiti ni nusu ya kila kitu nyumbani kwake, na nusu ile nyingine niliitoa mimi kwa mdomo wangu.

Nilimuuliza (safari hii nilimuuliza) anataka skrini ipi. Alizijaribu zote mbili na miwani, akachagua ile kavu, akaigeuza isitazamane na mlango. “Hii inanipumzisha, ile inanichokesha,” alisema. “Hapo haukudanganya. Lakini kupumzika na kuona si kintu kimoja.”

Mchana mmoja nilikuwa nafagia, Papa Deo anahesabu karatasi, na msichana alikuwa amelalamika tena kwamba asubuhi inamwelemea. Nikaona nafasi. Nikaegemeza ufagio, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na Maman Neema, bila kuondoa macho kwenye kazi yake, akasema:

“Bahati. Kaa.”

Nikakaa. Akamaliza mstari wake, akavua miwani, akageuka.

“Papa Deo, na asubuhi pia naitaka.”

Papa Deo alimtazama, akatazama rundo la mialiko aliyoichapa Maman wiki nzima, ambayo haikuwa imerudishwa hata mmoja. “Tuanze Lundi,” akasema, yaani Jumatatu.

Mimi sikusema neno. Nimebeba mchele, nimebeba saruji, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama kimya kile, na nimejiapiza kujizoeza.