Taa Yenye Chinsoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanywa ukuta. Nilikuwa msichana, nimeingia duka la spea za magari Kisii mjini kuomba kazi ya kufagia. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye sote tulimwita Tajiri, akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia nilisoma kidogo, halafu jembe likanichukua.

"Vizuri," akasema. "Hutanichosha na Kiingereza. Shika kadibodi hii, simama mbele ya ile gari. Ziba taa moja, Fundi atengeneze nyingine."

Nikasimama. Fundi wa umeme, mtu mfupi mwenye mdomo kama wembe, akawasha fulu, ule mwanga mkali wa mbali, bila kunionya. Nikapiga yowe, nikajifunika leso usoni.

"Dada, hiyo ni taa, si chui!"

"Afadhali chui. Chui hupepesa macho."

Tajiri alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema taa inayomchoma mtu macho haina adabu, hata ikiwa mpya, na mimi nitabaki kwa taa, wa kufagia atafutwe mwingine.

Neno adabu lilikuwa la Tajiri. Langu lilikuja aliponipeleka duka lake la Mosocho. Huko wateja walikuwa wakulima wenye pikapu kuukuu, na ukiwaeleza mambo ya fulu na dimu, ule mwanga wa karibu, walikutazama tu. Sasa, chinsoni ndiyo heshima yetu Wagusii: mkwe hamkodolei macho baba mkwe. Nikawaambia, dimu ni mkwe. Inatazama chini, na kushoto kidogo, pale ukingoni anapotembea mtu wa miguu. Yule anayekuja mbele haimkodolei. Wakaelewa palepale! Ikawa mtu hajazima injini anapaza sauti: "Dada, nitilie taa yenye chinsoni!" Hata Fundi akaacha kunicheka, akalichukua neno kama lake.

Basi ninyi wajukuu mnaonunua taa kwa kidole kwenye simu, sikieni. Gari ya zamani ina bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, tunaita rifleka. Bakuli lile lilichongwa kwa balbu yenye waya mmoja mwembamba unaowaka mahali pamoja. Ukichomeka humo zile za kisasa za vidonge vya LED, mwanga unatawanyika kama kuku walioona mwewe. Utaona majani ya miti vizuri sana, shimo usilione. Ukitia balbu yenye nguvu kuliko ya mwanzo, soketi inaungua, unanusa plastiki. Angalia pia kioo: taa zilizotengenezewa nchi wanakoendesha upande wa kulia hutupa mwanga kulia, kwenye macho ya mwenzako. Na kabla ya kununua chochote, vuta waya mnene kutoka betri na uweke rilei, kile kijisanduku kinachobeba umeme mkubwa ili swichi isibebe. Taa nyingi zinazoitwa mbovu zina njaa ya umeme tu.

Babu yenu alikuja Mosocho na pikapu ya ndizi, akitaka safu ya taa juu ya paa.

"Weka nyingi, nionekane."

"Uonekane na nani? Ndizi?"

Wiki iliyofuata akarudi, eti dimu inatazama mawingu. Nikamwambia arudi na mzigo, kwa sababu pikapu ikibeba ndizi inakalia matako na kuinua pua. Akarudi na mzigo. Nikampangia taa ukutani kwa chaki, mwanga ukae chini kuliko taa yenyewe, nikamtilia balbu za njano kwa ajili ya ukungu wa kwao Manga. Baada ya hapo taa zake ziliharibika kila wiki. Fundi akasema, "Dada, huyu haumwi taa."

Nikaolewa Manga. Baadaye nikafungua kibanda changu cha taa Magwagwa, bosi nikiwa mimi, mpaka magoti yalipokataa. Miaka yote hiyo, jioni nilikaa nje ya jikoni nikitazama barabara inavyopanda. Taa za wengine zilikuja nyeupe. Za babu yenu zilikuja macho mawili ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na nikiyaona naweka maji ya ugali wa wimbi motoni. Akifika, maji yanachemka. Alipokufa, pikapu ilibaki chini ya mabati, nami bado naitazama ile barabara.

Mwaka huu mjukuu wangu Kemunto, muuguzi, aliifufua pikapu ili aende nayo kazini. Jioni moja akaja na boksi la taa za vidonge, nyeupe ya bluu.

"Magokoro, hizi za babu hazioni."

"Hazioni, ama wewe huoni?"

"Jana nusura nigonge mama mwenye kikapu cha majani chai pale kona. Nilimwona alipopiga yowe."

"Hazitolewi."

Akanitazama. "Unakataa kwa sababu ya taa, ama kwa sababu ya babu?"

Nikachukua bisibisi, nikaifungua taa mwenyewe. Rifleka ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Mwanga ulikuwa unafia mle ndani. Na njano yenyewe, ukweli ni kwamba inameza mwanga. Kilichomfikisha babu yenu nyumbani ni taa kutazama chini, rangi ilikuwa pambo tu. Nililia pale mbele ya pikapu, na sioni haya kusema.

Boksi likarudi dukani. Tukanunua taa nzima mpya, kioo cha barabara zetu, balbu ya nguvu ileile, rilei na waya. Kemunto akapakia ndizi, nami nikachora chaki ukutani. Za njano nikazifunga kwenye leso.

Jioni iliyofuata nilikaa mahali pangu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Taa zikapanda, nyeupe kama za kila mtu, na sikuzijua. Nilizitazama zinavyokuja kama za mgeni. Pale kona, bodaboda akawa anateremka. Zile taa zikashusha macho. Zikamwacha apite, zikitazama chini na kushoto, ukingoni.

Nikainuka na magoti yangu mabovu, nikaweka maji motoni.