Sauti Sebuleni kwa Bi Tekla

Brightson alipopata kazi ya umeme Doha, mama yake, Bi Tekla, alibaki Mbweni na mpwa wake Vaileth. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na kumfifisha macho, hata simu hawezi tena kuitumia. Kwa hiyo kabla ya safari Brightson alimfungia kamera yenye spika sebuleni, akaiachia njia wazi kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, ili aipate kutoka popote. Nywila iliyokuja nayo kutoka kiwandani hakuibadilisha.

Kila akitoka kazini aliita kupitia kamera hiyo. "Mama, umekula?"

"Nimekula, baba."

Mchana mmoja, Vaileth akiwa gengeni, mtu asiyejulikana aliingia kwenye ile kamera. Bi Tekla aliposikia anaitwa mama, akauliza, "Brightson?" Sauti ikacheka, ikasema Brightson amekufa kazini. Vaileth aliporudi alimkuta sakafuni, kanga kichwani, koo limemkauka kwa kulia.

Alipopigiwa simu, Brightson aliita mbio kwenye kamera. "Mama, ni mie. Niko mzima."

"Niache," akasema mama. "Umeshaniulia mwanangu, unataka nini tena?"

Siku ileile Stanley, fundi wa mitandao kutoka Sinza, alifika. Akaiziba ile njia ya ruta, akabadilisha nywila, kisha akaweka VPN, njia ya siri ya mtandaoni, ili kamera ifikiwe kwa ufunguo uliomo kwenye simu ya Brightson peke yake.

"Braza, hapa haingii mwingine," alimwambia Brightson kwa simu.

Na kweli hakuingia mwingine. Lakini kila Brightson alipoita, mama alijifunika kanga usoni. Vaileth akimwekea simu sikioni, mama alisema sauti siku hizi zinaigizwa.

Likizo Brightson aliipata Pasaka, akarudi Mbweni. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Shikamoo, mama." Bi Tekla akampapasa masikio, pua, kovu la kidevuni, kisha akamkumbatia shingo kwa mkono wake mzima.

Siku ya kuondoka, mama alimwomba kitu kimoja. "Kaitoe ile."

"Nitakuonaje, mama?"

"Hutaniona. Nimechoka kulilia sauti."

Brightson akapanda kwenye kiti, akaing'oa kamera. Aliposhuka, mama alikuwa analia chinichini, na yeye akachukua begi lake mlangoni, akijua kuwa safari hii alikuwa anaondoka kweli.