Mtoto Haagwi

Mwaka wa pili baada ya uhuru nilikuwa yaya wa Wazungu waliokaa Diani. Walikuwa na watoto wawili, mvulana wa miaka mitano na dada yake wa mitatu. Walipoamua kuzunguka bandari za watu kwa meli, miezi mitatu ya raha tupu, waliniambia nifunge mzigo. Sikuulizwa kama napenda.

Nami nilikuwa na binti yangu, hajatimiza miaka mitatu. Baba yake alikwisha kuniacha. Nilimpeleka kijijini Munje kwa mama yangu, naye akanionya, "Usimuage. Mtoto ukimuaga unamtia homa." Kwetu ndivyo, mtoto haagwi, hutorokwa. Nikamwambia binti yangu nakwenda uani mara moja, nikapitia mlango wa nyuma, nikaenda zangu barabarani kungoja basi. Sikugeuka. Nilijiona hodari.

Huko melini wakubwa waliota jua na kucheza dansi. Watoto waliichoka bahari siku ya pili. Siku ya tatu mpira wao uliruka ukingo ukaenda zake, na kilio kikawa changu. Nikawafundisha mdako. Mawe hayakuwepo, basi niliomba vibonge vya sukari jikoni, nikachora duara kwa chaki badala ya shimo. Unarusha kimoja juu, unakokota vingine kabla hakijarudi mkononi. Meli ikilala upande sukari yote inahama, na mvulana akishindwa husema bahari imemwibia. Dada yake hakucheza hata siku moja. Yeye alikuwa akila mawe.

Nilicheka, halafu nikaona aibu ya kucheka. Nilijua ni nani aliyestahili kufundishwa mchezo ule.

Hapakuwa na wa kusema naye Kiswahili ila watoto hao, na chao kilikuwa cha kuagiza: lete, ondoa, maji moto. Nilikula peke yangu kwenye ujia, sahani magotini. Upweke ulinizidi hata nikawa nazisemesha nguo nikizipiga pasi.

Aliyeniudhi zaidi ni mama yao. Kila jioni kabla ya kwenda mezani alikuja na gauni lake refu, akawabusu, akawaambia anakwenda kula na atarudi saa tatu. Wakaangua kilio, naye akaniachia kilio hicho mikononi. Nilimwona mjinga. Angetoka kimya angepungukiwa nini?

Lakini walilia kidogo tu. Kisha mvulana aliniuliza saa, akauliza tena, na saa tatu mlango ukafunguka. Siku nyingi nilitazama jambo hilo bila kuliona. Jioni moja, tukiwa mbali na kwetu kuliko nilivyoweza kufikiri, likanijia: huyu analia akijua anangoja nini. Wangu aliambiwa uani. Nilijifungia bafuni nikalia. Sikujua kuandika, wala mama hakujua kusoma.

Tuliporudi nilikwenda Munje na mwanasesere wa nywele za manjano. Binti yangu alikuwa mkekani. Alisimama, akanipa mkono, akasema shikamoo vizuri kabisa. Mama akamwambia, "Huyu ndiye mama yako." Akaitika, "Ndiyo, bibi," kama anavyoitika mtoto asiyetaka kubisha.

Alasiri nzima nilimchezesha kila nilichokijua. Alicheza kwa adabu, akaniletea maji, akanisogezea mahali penye kivuli. Jua lilipopungua aliniuliza, "Na wewe utakwenda kwenu lini?"

Mama aliinamia chungu chake. Nikasema hapa ndipo kwetu. Binti yangu alinitazama, akamtazama bibi yake. Kisha akamchukua yule mwanasesere, akamfuta mchanga usoni, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili, nisije nikamsahau nikiondoka.