Kioo Kisichosomeka Ubavuni

Tabea Sumari, mzaliwa wa Akeri, alichapa barua za watu katika duka la steshenari karibu na Soko Kuu la Arusha. Alianza na mashine za chuma za taipu, akahamia kwenye kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara. Watu walimletea wosia, kesi za mashamba, ugomvi wa ndoa. Akishachapa alifuta, akanyamaza.

Mwaka 2004 mwenye duka, Mzee Aminieli, alileta monita bapa. "Hizi unasoma vizuri hata ukikaa pembeni," alijisifu. Yeye mwenyewe alipenda kukaa pembeni ya Tabea kwenye stuli, akitafuna karanga na kugusa kioo kwa vidole vya mafuta. Tabea alikifuta kila jioni, asifikirie zaidi.

Siku moja Mwanamkuu, mama wa Sombetini, alikuja kuchapisha barua kwa shehe. Aliyasema maneno yake kwa kunong'ona: mumewe alikuwa amemwambukiza kisonono mara mbili, na sasa yeye mwenyewe anaomba talaka.

Wiki iliyofuata alirudi. Hakukaa.

"Dada Tabea, nimekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Bombani wananiita Mama Kisonono. Na barua sijaipeleka bado. Hii hapa, mkobani."

Tabea aliapa kwamba hakumwambia mtu. Kisha akasikia kicheko kinabanwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Mzee Aminieli alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika, maganda ya karanga yamemganda kidevuni. Tabea alitoka nyuma ya duka akatema mate, akatema tena, lakini uchungu haukuondoka mdomoni.

Alimweleza Iqbal, fundi kompyuta. Iqbal akamletea karatasi ya plastiki nyeusi inayong'aa. "Ndani kuna vipande vyembamba vimesimama kama luva za dirisha," alisema. "Mwanga unakwenda mbele tu. Aliye ubavuni anaona giza." Tabea aliinunua mwenyewe, akaibandika.

Kesho yake Mzee Aminieli aliketi kwenye stuli, akainamisha kichwa huku na huku.

"Hii imeharibika?"

"Haijaharibika, mzee. Inasomwa na aliyeketi mbele yake."

"Iondoe. Siwezi kufichwa vitu dukani kwangu."

"Si vyako. Ni vya watu."

Mzee alibeba stuli akaiweka nyuma ya Tabea, na kwa mtu wa nyuma ile plastiki haifichi kitu. Tabea alikuwa anachapa wosia wa babu mmoja wa Nduruma, aliyeketi mbele ya meza. Alihisi pumzi ya karanga shingoni, akasikia midomo ikisoma polepole majina ya watoto wa babu yule, kama mtu anayelamba sahani isiyo yake. Ngozi ilimsisimka mpaka mikononi. Akafuta aliyokwisha kuchapa, akazima monita.

"Babu, simama twende," alisema. Akamgeukia mwenye duka. "Miaka sita nakuamkia shikamoo. Leo nakuona kinyaa."

"Nani atakupa kazi?"

Tabea alibandua plastiki yake, akaikunja, akatoka na babu. Wosia aliumaliza kwa mkono, kwenye benchi la fundi cherehani jirani.

Baadaye alipanga chumba cha mbele Sombetini, akanunua kwa Iqbal kompyuta iliyotumika. Meza aliiweka ili mgongo wake uegemee ukuta. Wateja walimfuata, wengine kutoka mbali. Mzee Aminieli akipita barabarani na kumpungia mkono, Tabea aliangalia kwingine.

Mwanamkuu alipata talaka yake, akahamia Kisongo. Lile jina lilimfuata hadi huko. Tabea alimwalika mara mbili aje aone jinsi kioo kinavyokuwa giza ukikaa pembeni. Hakuja. Alituma ujumbe kwamba siku hizi barua zake anaziandika mwenyewe, kwa kalamu, mlango ukiwa umefungwa. Tabea hakumlaumu.