Upupu ulivyoingia nyumbani kwetu Nkololo, na madonge tuliyokuwa tunayachoma moto

Habari za humu wakuu.

Nimesoma uzi wa mwenzetu anayeuliza dawa ya nyumbani ya muwasho wa upupu. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona hapana, hii yangu inahitaji uzi wake. Siuzi dawa, siongezi chumvi. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka chini.

Mimi ni fundi simu, niko Bariadi mjini. Nyumbani ni Nkololo. Kaka yangu Masunga ndiye aliyebaki na mji wa mzee, pamoja na mkewe Minza na watoto wao.

Pembeni, ndani ya uzio ule ule wa minyaa, kuna nyumba ya sengi, yaani shangazi yetu, dada wa marehemu baba. Mjane. Anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi wake mnaujua, kwa hiyo macho yake ni mekundu muda wote.

Watu wa kanda yetu nadhani mmeshaelewa ninapoelekea: kwetu mama mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi.

Sasa, msimu ule Masunga alifyeka kichaka kando ya mto akapanda pamba. Ikakubali kweli kweli. Ununuzi ulikuwa bado haujafunguliwa, na pamba huwezi kuilaza nje, kwa hiyo wakaijaza ndani, kuanzia chumbani mpaka sebuleni. Watoto wakalala juu yake. Sisi wote tumekua hivyo, hakuna godoro linalofikia pamba mpya.

Siku mzigo wa mwisho unaingia, sengi alikuja akasimama mlangoni. Akachota pamba kidogo, akaishika kiganjani, akaitupa chini.

Akasema, "Hii msilale nayo."

Masunga akamjibu, "Sengi, umeshaanza."

Yule mama hakubishana. Akageuka akarudi kwake.

Kesho yake nyumba nzima ikaanza kujikuna.

Na siyo kujikuna kwa mbu, wakuu. Minza alijikuna mpaka damu. Mtoto wa mgongoni macho yakavimba yakafunga kabisa. Ukitoka nje, baada ya muda unapata nafuu. Ukirudi ndani, inakupokea mlangoni. Jirani aliyekuja kutoa pole aliondoka anajisugua mgongo kwenye nguzo ya zizi kama ng'ombe. Ndama aliyekuwa anafungwa karibu na mlango alijisugua mpaka manyoya yakatoka.

Nilipoenda mwisho wa wiki nilikuta watu wamekaa nje, wanaiangalia nyumba yao wenyewe kama kuna mgeni ndani.

Tulijaribu kila kitu. Kuoga maji ya moto, ndiyo ikazidi. Ndimu, ikachoma. Mafuta ya taa, hiyo msithubutu jamani, Masunga aliungua ngozi ya shingo. Krimu ya duka la dawa ilituliza kidogo, ukiingia ndani inaanza upya.

Mganga naye akaendewa. Akasema anayewafanyia hivi anakula chungu kimoja nanyi.

Basi, ikawa imetosha.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsalimia sengi. Wasukuma wenzangu mnajua uzito wake. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, ndipo mkubwa anaitika na mazungumzo yanafunguka. Asiposalimiwa, mkubwa hana pa kuanzia. Watoto walikatazwa kupita kwake. Mimi mwenyewe niliambiwa nisigeuze shingo upande ule, na sikugeuza. Ukimya wa ule mji ulikuwa unatisha kuliko huo muwasho.

Halafu yakaanza madonge.

Kila asubuhi Minza akifungua mlango anakuta kipande cha kibuyu kimewekwa kizingitini. Juu yake donge la unga wa mtama, limekandwa likawa laini, linang'aa. Hakuna aliyemwona mwekaji, lakini nyayo zilitoka na kurudi nyumba moja tu.

Nililiona moja kwa macho yangu. Lilikuwa na alama za vidole. 

Masunga alikuwa anayasukuma kwa fimbo mpaka kwenye moto. Akaniambia, "Unaona? Hata hajifichi."

Niliporudi Bariadi nilibeba mfuko wa ile pamba, nijaze mto wa kiti changu cha kazini. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa mtoto, sikuwaza pamba hata kidogo.

Ofisini nakaa na jamaa mmoja, Doto, mtu wa Kalemela. Hajawahi kufika Nkololo, hamjui sengi wala sengi hamjui. Wakati naujaza ule mto nilijikuna, nikadhani ni mabaki ya nyumbani. Doto akaukalia. Haikupita muda akaruka.

"Oya, umeweka nini humu?"

 Niliwaza, Mungu wangu, kimenifuata mpaka mjini.

Lakini Doto siyo mtu wa kuogopa. Alichomoa pamba kidogo akaiweka chini ya ile hadubini tunayotumia kuangalia bodi za simu. Akaangalia. Akaniita.

Katikati ya nyuzi nyeupe kulikuwa na vinywele vya rangi ya dhahabu, vimenyooka, vyenye ncha kali. Vingi sana.

"Upupu huo," Doto akasema. "Shamba lenu liko kichakani?"

Kando ya mto, kwenye kichaka kilichofyekwa. Maganda ya upupu yanakauka msimu ule ule pamba inapopasuka, upepo unavipeperusha vile vinywele vinanasa kwenye pamba. Wavunaji walijikuna, ndiyo, lakini nani anavuna pamba bila kujikuna?

Doto akaagiza ugali kwa mama ntilie. Nikamwambia huu siyo muda wa kula. Akacheka, akamega donge, akalibingirisha kwenye mkono wake taratibu, bila kusugua.

"Kwetu ndiyo dawa. Usioge kwanza, usijikune. Donge linavivuta. Hata unga uliokandwa unafaa, tena wa mtama unanata vizuri zaidi."

Wakuu, nikakumbuka yale madonge ya kizingitini. 

Nikampigia Masunga. Nikaanza kumweleza, akanikatiza, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Leo watu wanakuja. Tunalimaliza. Wewe kaa huko huko."

Simu ikakatwa, na nikipiga tena haipatikani.

Nilichukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, jamaa anayeendesha akadhani nina homa.

Nilikuta wanaume wamekaa uani, hakuna hata kikombe cha chai. Sengi alikuwa kwenye kizingiti chake, amevaa kitenge chake cha kanisani, kafurushi miguuni. Alikuwa amejiandaa. Hakuwa anaangalia mtu.

Sikusalimia wanaume. Niliingia jikoni, nikachota unga wa mtama, nikakanda na maji, nikamshika Masunga mkono. Alitaka kunisukuma. Nikalibingirisha lile donge kwenye mkono wake mbele yao wote, nikaliinua juani.

Lilikuwa limejaa vinywele vya dhahabu.

Nikamwambia, "Hii ndiyo dawa uliyokuwa unaichoma moto."

Mzee mmoja akainama akaangalia, akasema taratibu, "Upupu wa mtoni huu."

Hakuna aliyeomba radhi. Waliinuka mmoja mmoja. Ndipo nikaona mapanga yakitoka chini ya viti, yakipita mbele yangu kuelekea njiani. Wengine ni watu niliosoma nao.

Nikamwendea sengi. Nikainama. "Mwadila mayu," nikampa salamu ya mchana.

 Akaitika, na sauti ilikuwa imekauka.

Nikamuuliza nikilia, "Sengi, kwa nini hukutuambia?"

Akasema, "Ningeanzaje, mwanangu? Mlikuwa hamnisalimii."

Mtoto alibingirishiwa donge, tukampeleka hospitali kwa ajili ya macho, akapona. Pamba ilitolewa nje.

Sengi hakukubali kubaki. Yuko Mwamanyili kwa binti yake. Ila Masunga, kila asubuhi kabla hajafungua zizi, huenda kusimama mbele ya ule mlango wa sengi uliofungwa, anavua kofia, anasema "Mwangaluka mayu." Halafu anasubiri kidogo. Minza ananiambia watoto wanaogopa kumwangalia akiwa vile.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza: toa nguo zote, usijikune, usikimbilie maji, vuta kwa donge mpaka vinywele viishe, ndipo uoge. Nguo na matandiko yafuliwe yote. Upupu ukiingia machoni au kifua kikibana, hospitali, usisubiri.

Wenye dawa nyingine wekeni hapa. Na kama kwenu kuna mzee mliyeacha kumsalimia, kamsalimie kwanza, utakuja kukomenti baadaye.