Mgongo wa Blanketi la Harusi

Mimi sina subira na kitambaa kilichokaa upande. Nikiona pazia limening'inia mshazari nyumbani kwa mtu, chai hainishuki. Sasa fikirieni nilivyoteseka mimi na jirani yangu wa mtaa wa Mangateen tuliposhona blanketi la harusi ya binti yake, maana mwanamke yule hakuamini kabisa mambo ya kupima.

"Macho yananitosha, ukti," alikuwa akiniambia. Dada yangu, ndiyo maana yake. Sote wawili tulirudi kutoka Kenya nchi yetu ilipopata uhuru, tukawa tunaongea Kiswahili cha kule tukikichanganya na Kiarabu cha Juba. Kabila lake lilikuwa mbali na langu. Siku zile hakuna aliyetuuliza.

Binti huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, na alikuwa amechumbiwa. Kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu. Anakwenda na milaya, mashuka aliyoyadarizi kwa mkono wake, watu waje wayatazame. Mama mtu akataka zaidi. Akataka blanketi la vipande, kama tulivyofundishwa na akina mama wa kanisa kule Kenya.

"Joto lote hili la Juba, blanketi la nini?" nikamuuliza.

"La kuonwa."

Haya, likawa la kuonwa. Tukagawana kazi: mimi nishone uso wa blanketi, yeye ashone mgongo. Uso niliuunga kwa vitenge tulivyovaa siku ya uhuru, vile ambavyo hatukuwa na moyo wa kuvifanya matambara. Mgongo alitaka kuuunga kwa milaya mbili za marehemu mama yake.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba ukishalaza uso juu, mgongo huuoni tena. Kwa hiyo tunapindua angareb, kitanda cha kamba, miguu inatazama juu. Pembe za mgongo tunazifunga kwenye miguu hiyo minne mpaka kitambaa kinyooke, juu yake blanketi kuukuu, halafu uso. Lakini kabla ya hapo kila kimoja unakikunja mara mbili, na pale mikunjo inapokutana unatia fundo la uzi mwekundu. Hapo ndipo katikati. Fundo la uso likikalia fundo la mgongo, mengine yatajipanga. Tena mgongo lazima uuzidi uso shibiri moja kila upande, kwa sababu kushona kunakula kitambaa. Ukianzia pembeni kwa kuamini macho yako, shauri yako.

Mara ya kwanza aliniletea zile milaya mbili, mshono ukipita katikati kabisa. Na uso wangu nao ulikuwa na mshono katikati. Nikaufumua wake palepale, mbele ya macho yake.

"Mshono juu ya mshono, sindano itakataa," nikamwambia.

"Sindano yako ina kiburi kama wewe!"

Akaninunia. Binti ndiye aliyetupatanisha. Alikwenda ndani akatoa milaya yake mwenyewe, bora kuliko zote alizodarizi, akasema iwekwe katikati ya zile mbili za bibi yake, ili tuache kumpigia kelele. Ilikuwa na ndege wawili wenye shingo ndefu, mmoja mnene kuliko mwenzake. Tukamtania, eti huyo mnene ana mimba. Akacheka, akasema tusubiri, tutaona wenyewe. Mgongo ukawa mpana, nami nikauongeza uso vitenge pande zote mbili, kisha nikatia fundo langu jekundu kati ya ndege wale wawili.

Tulipanga kuunganisha uso na mgongo baada ya Krismasi. Hatukuifikia. Bunduki zilianza kulia, halafu watu wa kabila lake wakaanza kutafutwa nyumba hadi nyumba. Langu halikutafutwa. Nilipopata ujasiri wa kutoka, nilikimbilia kwake nikakuta mlango wazi, angareb imepinduliwa, vipande vya kamba vinaning'inia kwenye miguu. Mgongo haukuwapo, wala wenyewe. Nilisimama pale nikalia, na katikati ya kulia nikamkasirikia kwa kuondoka bila kuniaga. Angeniagaje? Angepitaje kwangu, na watu wale wako barabarani?

Simu yake haikupatikana tena. Baadaye nikasikia wako kambini, ndani ya uzio wa walinda amani, pale pale Juba. Ni mwendo mfupi tu. Hata hivyo mvua zilianza, zikakaribia kwisha, sijaenda. Msidhani niliogopa risasi. Niliogopa atanitazama kama anavyowatazama waliomfukuza.

Mwishowe niliuweka uso kwenye mfuko nikaenda. Nilimkuta kwenye turubai, matope mpaka mlangoni. Alinikumbatia, akanipa dumu nikalie. Alikuwa amekonda. Binti sikumwona, nikadhani yuko kwenye foleni ya maji. Mimi nikiwa na hofu mdomo haufungi: nilimweleza habari za mtaa mzima, bei ya unga, paa lake lililong'olewa mabati, sikumpa nafasi ya kutia neno. Kisha nikatoa uso.

"Leta mgongo, ukti. Harusi haingoji amani."

Akauvuta kutoka chini ya mkeka wake, akaukunjua.

Hapakuwa na angareb, tukatandika chini, juu ya nailoni. Nililaza uso juu ya mgongo, na uso ukamwagika pande zote mbili. Damu ikanipanda.

"Ala! Mbona umekuwa mwembamba hivi? Si nilikwambia shibiri kila upande? Na huu mshono, umeurudisha katikati! Wewe mwanamke ni mbishi! Fundo langu jekundu liko wapi?"

Aliweka kiganja juu ya ule mshono.

"Ile ya katikati nimemzika nayo," akasema. "Ilikuwa homa. Sanda hatukupata."

Niliinama nikalia juu ya vitenge vile vya uhuru, naye hakulia, alikuwa ananipapasa mgongoni kama mimi ndiye niliyefiwa. Nilipotulia nikaanza kuukunja uso niurudishe mfukoni. Niliona haya kuutazama.

Akaushika. "Unaupeleka wapi? Shona. Mvua ikinyesha hapa baridi inaingia mifupani."

Basi nikaupunguza uso kwa makasi, upande huu na upande huu, vipande vikaanguka matopeni. Nikaukunja, nikatafuta katikati yake, nikatia fundo jipya. Mgongo haukuhitaji kukunjwa. Nikaweka fundo juu ya mshono wake, na yeye akatia sindano. Ikakataa.

"Ulisema itakataa," akaniambia.

"Nilisema."

Nikavua kandambili, kwa kisigino chake nikaisukuma sindano mpaka ikatokea upande wa pili.