Karamu Isiyo na Maji ya Kunawa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wapendwa. Niwieni radhi kwa ukimya wangu mrefu.

Leo picha yangu imechekwa kanisani, hapa Buswelu.

Nilichora Karamu ya Mwisho, mitume wakila ugali na samaki aina ya sato. Mama Neema wa kwaya akaikazia macho.

"Shikamoo, babu. Mbona wanakula bila kunawa? Nani kawamiminia maji?"

"Marahaba," nikajibu. Kwaya nzima ikaangua kicheko.

Tangu mke wangu afariki sijaweza kuchora mwanamke yeyote, hata nikaanza kumwomba Mungu anipokonye kipaji hiki.

Sasa nimerudi nyumbani, kuketi siwezi. Mshika jagi la maji ya kunawa lazima awepo, na kwetu huwa mwanamke; mkono wangu unamjua mmoja tu.

Nishaurini, tafadhali: nimchore akiwa msichana, au alivyokuwa alipougua?